Siku Trekta Lilipozima Kabla ya Mahali Pake

Injini ilizima kwenye kona ya mtaro, na mimi nilijua kwa makalio kabla ya masikio. Kiti kiliacha kutetemeka. Nilikanyaga breki mpaka mguu ukagota. Breki ilishika, magurudumu nayo yalishika, ila tope la bonde letu la Suma halikushika chochote. Trekta lote, mimi juu yake, tela nyuma yangu na magunia ya majani mabichi ya chai, tukaanza kurudi chini taratibu, kama mtu anayevutwa shati.

Nikapiga kelele, "Gogo! Weka gogo!"

Sikusikia gogo likigonga tairi. Nilimsikia mke wangu akisema "Mama," mara moja tu, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kuwa ameacha chungu jikoni. Halafu tela likajikunja, trekta likapinda, nikarushwa. Mfupa wa bega ulivunjika, lakini hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilichokijua ni kwamba mkono wangu wa kulia umeangukia juu ya injini, na injini haikuniunguza. Ilikuwa vuguvugu tu. Nakumbuka nilishangaa, nikiwa nimelala kwenye tope: kwa nini hainiunguzi?

Tela lilikuwa limembana mke wangu kwenye ukingo wa udongo, pale walipochonga njia. Wanawake wanne waliokuwa wakichuma jirani walikuja mbio na vikapu vyao mgongoni, wakalisukuma hata kabla sijaweza kusimama. Tukamlaza juu ya magunia matupu. Alikuwa na macho mazima kabisa. Alinitazama mimi, si mwingine, akasema, "Gogo liko juu ya magunia, baba. Sikulifikia."

Tulifunga magunia kwenye miti miwili tukambeba. Mimi nilishika upande mmoja kwa mkono wa kushoto. Tulipofika barabara ya lami alikuwa ameshanyamaza, na mvua ilikuwa imeanza.

Sasa nitarudi nyuma, maana watu wengi hapa wanalijua jambo hili kuanzia siku ya msiba, na halikuanzia hapo.

Trekta lenyewe lilikuwa trekta dogo la bustani, la kukaliwa, rangi nyekundu iliyochujuka. Lilitengenezwa huko ng'ambo likatie matajiri nyasi mbele ya nyumba. Wafadhili wakalileta kwa kikundi chetu cha wakulima wadogo wa chai, sisi tukalifunga tela tukalipatia kazi ya kupandisha majani kutoka bondeni hadi banda la kupimia, kwa sababu lori la kiwanda halishuki bondeni, na majani yakikaa kwenye gunia yanachemka yanakuwa mekundu, karani anayakataa. Kabla ya hapo tulibeba kichwani. Wanawake walibeba kichwani, niseme ukweli.

Wanawake hao ndio walioliita Bwana Mdogo. Walisema lina tumbo kubwa, linapiga kelele, na kazi kidogo tu linachoka.

Mwenyekiti alinipa mimi uendeshaji kwa sababu ujanani niliwahi kuendesha mashine ya kusaga. Nilifurahi. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu na hakuna aliyewahi kunipa kitu chenye usukani.

Mwaka wa kwanza lilikwenda vizuri. Likapanda, likashuka, halikuzima hata siku moja mlimani. Hilo nataka likumbukwe. Taabu yake ilikuwa nyingine: maji. Mvua ya Tukuyu kila mtu anaijua, haiulizi mwezi. Mfuniko wa tenki la petroli ulikuwa na kitundu kidogo katikati, kama cha sindano, na juu yake kofia ya plastiki ambayo ilivunjika mapema. Trekta likilala nje, maji yalidondoka yakaingia kwenye petroli, asubuhi injini inakohoa kama mzee mwenye pumu. Nikawa namwaga mafuta, naosha kabureta, majani yanasubiri, wanachama wananung'unika.

Mwenyekiti akaitisha mkutano uwanjani kwake. Ni mtu mwenye sauti nzuri, anaimbisha kwaya, na ukimsikia akitoa amri unadhani anaomba dua. Akasema, "Ndugu zangu, maji yanaingilia wapi?"

Nikamwonyesha.

"Basi kizibwe hicho kitundu. Fundi, ziba."

Fundi wetu ana kibanda Bulyaga, mjini Tukuyu, anatengeneza pikipiki na mashine za kusaga. Mimi nilikuwepo. Namwona mpaka leo amechuchumaa, anachanganya gundi ya chuma juu ya kipande cha boksi, ile nyeupe na ile nyeusi. Alisita. Nasema alisita, na nitasema hivyo hata mbele ya hakimu. Akauliza, "Mwenyekiti, hiki hakikuwekwa kwa kazi?"

Mwenyekiti akacheka. "Kazi ya kunywesha trekta maji?"

Watu wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Na ni mimi niliyeushika ule mfuniko kwenye kiganja, kusudi usitikisike, wakati fundi anapaka gundi. Nikitaja wengine lazima nijitaje na mimi.

Baada ya hapo maji hayakuingia tena. Watu wakamsifu mwenyekiti. Na haikupita wiki, Bwana Mdogo akaanza kuzima mlimani.

Ilikuwa hivi. Tunapakia bondeni, tunaanza kupanda, tunakwenda vizuri tu, tukifika karibu na migomba ya mjane mmoja, juu kidogo ya kona, injini inaanza kupiga chafya. Moja, mbili, inazima. Ukipiga stata, hakuna kitu. Nashuka, naangalia kama mafuta yapo, nafungua mfuniko, yapo. Tunakaa robo saa, tunapiga stata, inawaka kama haijawahi kuugua. Tunafika bandani. Kesho yake, mahali palepale.

Fundi akaja, akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa haraka. "Joto, tata," akasema, akiniita baba kwa lugha yetu. "Hii injini ya Kizungu, imezoea baridi."

Mke wangu alikuwa amesimama pale na sweta mbili na kitenge begani. Akasema, "Sisi hapa tunatetemeka, yenyewe inaona joto?"

"Mama, joto la ndani si joto la nje."

"Haya. Labda ina mimba."

Wanawake walicheka mpaka wakashika viuno. Lakini neno la fundi likakaa. Likizima mlimani, ni joto. Hatukuwa na neno lingine, na ukishakuwa na neno hutafuti tena.

Tulilitibu joto kwa kila namna. Tulibadilisha plagi. Tukabadilisha koili, fundi akisema koili ikipata moto inakata cheche. Tukaosha kabureta mara tatu. Tukabadilisha chujio la petroli na mpira wake. Mzee mmoja akatushauri tukate shina la mgomba, tuchukue yale magome ya ndani yenye maji, tufunge kwenye mpira wa mafuta, maana mgomba ni wa baridi kuliko maji ya mto. Tukafunga. Bwana Mdogo akawa anapanda mlima amevaa mgomba kama anakwenda kucheza ngoma. Akafika kwa yule mjane, akazima.

Kila tukibadilisha kitu, fundi alilijaribu uwanjani kwa mwenyekiti. Alimimina petroli kidogo kwenye tenki, kiasi cha chupa ya soda, akaliwasha, likanguruma bila kuzima mpaka petroli yenyewe ikaisha. Anafuta mikono, anasema, "Limepona." Watu wanapiga makofi. Kesho tunajaza tenki, tunapanda, linazima.

Mimi niliona mambo mawili nikayasema. La kwanza, siku tukijaza tenki sana ndiyo linazima mapema, na siku petroli ikiwa kidogo linafika mbali zaidi. La pili, kila likizima, nikifungua mfuniko niangalie mafuta, nilisikia *fyuu*, kama mtu anavuta pumzi kwa meno. Niliyasema haya mkutanoni, mbele ya fundi na mwenyekiti na katibu. Katibu ni mwalimu mstaafu. Aliinua macho kutoka kwenye daftari lake akaniuliza, "Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La nne."

"Basi mwache fundi aongee. Au darasa la nne walikufundisha kusikiliza mifuniko?"

Wakacheka tena. Nikakaa. Sikuyasema mara ya pili. Nimekaa na hilo kila siku tangu wakati ule: kwamba nilikuwa na ukweli mdomoni, nikaumeza kwa sababu ya kicheko.

Hivyo tukazoea. Hapo ndipo palipo na ubaya wote, kwamba tulizoea. Badala ya kulitengeneza trekta tulimwajiri mtu wa gogo. Kazi yake ni kutembea nyuma ya tela, na injini ikizima anatupa gogo nyuma ya tairi ili lisirudi. Wanaume wa kikundi hawakuitaka. Mmoja alisema hawezi kutembea nyuma ya chombo kama mbwa. Mwingine alifanya siku mbili akapata ugonjwa wa mgongo, ambao ulimpata hapohapo na ukamwacha Jumapili. Mwenyekiti akaniambia, "Dereva ni wewe. Tafuta mtu unayemwamini."

Nikamchukua mke wangu.

Hakukataa. Aliligeuza mzaha. Akipita mbele ya wachumaji aliinua lile gogo kama fimbo ya chifu, akasema kwa sauti, "Mtazameni mwenzangu, kakaa kwenye kiti kama mkuu wa wilaya! Mimi nyuma nambeba!"

Wale wanamjibu, "Wifi, huyo alikuoa au alikuajiri?"

"Alinioa kwa ng'ombe, sasa ananilipa kwa moshi!"

Na mimi nilicheka nikiwa mbele. Nilikuwa naona fahari, kusema kweli. Watu walikuwa wanatutazama.

Gogo lilikuwa zito, la mparachichi. Kulibeba kuanzia bondeni ni taabu, na yeye alikuwa na mgongo wa miaka mingi ya kikapu. Kwa kuwa kwa petroli ya kawaida trekta lilizima mahali palepale kila siku, tukaweka utaratibu: gogo linapanda juu ya magunia, yeye anatembea nyuma mikono mitupu, na tukikaribia migomba ya mjane analishusha, anajiweka tayari. Mahali pa kuzima tulipajua kama unavyojua mlango wa nyumba yako. Tulimwamini Bwana Mdogo kwa ubovu wake kuliko watu wanavyoamini gari zima.

Siku ile katibu alitaka safari mbili kabla ya saa nane, kwa sababu lori la kiwanda lilikuwa linawahi kuondoka. Alikuja mwenyewe bondeni na dumu la petroli. Nilimwambia tenki linatosha. Akasema, "Usinisumbue na kushukashuka kuongeza mafuta njiani." Akajaza mpaka petroli ikafika mdomoni, akaufunga mfuniko mwenyewe, akaukaza kwa mikono miwili. Kisha akatangulia kupanda, kwa sababu hakutaka tope la magurudumu limrukie.

Nilijua tenki likijaa linazima mapema. Nilijua. Nilimwambia mke wangu, "Leo shika gogo mapema kidogo." Akasema, "Tukivuka kona nalishusha."

Hatukuvuka kona.

Msibani mwenyekiti aliimbisha vizuri. Akasema Mungu amempenda zaidi kuliko sisi. Fundi alichimba kaburi na wenzake, alichimba kwa bidii, hakuniangalia. Mimi nilikaa na bega langu limefungwa, watu wanakuja wanasema pole, wanakwenda kula.

Mwezi wa pili baada ya kuzika nilikwenda Msasani ya hapa Tukuyu, kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vipuri vya baiskeli na mabomba ya kupulizia dawa. Bomba langu lilikuwa halitoi dawa. Sikuwa na haja kubwa nalo, ila nilikuwa nashindwa kukaa nyumbani. Yule mzee akalisukuma, akalitikisa, akafungua mfuniko wake. Akachukua sindano akachokonoa.

"Kitundu kimeziba," akasema. "Tope. Hewa isipoingia, dawa haitoki. Pole sana kwa msiba, lakini."

Niliuliza, "Hewa inahusika nini na dawa?"

Akachukua chupa ya maji aliyokuwa anakunywa. "Weka mdomoni. Vuta, usiachie hewa iingie." Nikavuta. Chupa ikabonyea, maji yakakoma. "Sasa achia." Nikaachia. Chupa ikavuta hewa.

*Fyuu.*

Nilikaa chini sakafuni dukani kwake. Yule mzee aliogopa, akadhani ni bega. Akaniletea kigoda, akaniita "ndugu yangu, ndugu yangu." Nilipoweza kuongea nikamweleza kuhusu trekta tangu mwanzo: kitundu, gundi, mlima, tenki likijaa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Halafu akasema taratibu, "Tenki likijaa hewa ya akiba inakuwa ndogo. Injini inavuta kidogo tu, tayari imekabwa. Na mlimani inavuta zaidi. Halikuwa joto, ndugu yangu. Lilikuwa linakabwa koo."

"Na lile la kuwaka baada ya robo saa?"

"Mlikuwa mnafungua mfuniko, si ndiyo?"

Kila mara. Ndilo jambo la kwanza tulilofanya kila mara: tunafungua tuangalie mafuta. Tulikuwa tunaliponya kwa mikono yetu halafu tunakaa robo saa tukisubiri lipoe.

Nilikwenda moja kwa moja uwanjani kwa mwenyekiti, trekta lilipokuwa limelala. Hakuwepo, yupo mke wake anaanika mahindi. Nikajaza tenki mpaka mdomoni, kama alivyojaza katibu. Nikakaza mfuniko. Nikawasha, nikafungua mafuta mpaka mwisho, nikasimama pembeni. Ikanguruma kwa muda ambao mtu anamenya ndizi za familia. Ikapiga chafya moja, mbili, ikazima. Nikaweka kiganja juu ya injini nikakiacha hapohapo. Nikafungua mfuniko, fyuu. Nikapiga stata, ikawaka hapohapo, haikusubiri kupoa wala nini. Nikauweka mfuniko bila kuukaza, hewa ipite. Ikaenda na kuendelea, mke wa mwenyekiti akaja kusimama nami huku ana mahindi mkononi, akasema, "Mbona leo halizimi?"

Nikamwambia, "Mama, liulize mwenyewe."

Mwenyekiti alipofika nilirudia jaribio lote mbele ya macho yake. Aliangalia. Aliona. Mtu anayeimbisha kwaya anajua sauti inapokatika. Akasema, "Nani amekuruhusu kugusa mali ya kikundi?"

Niliporudi baada ya siku tatu na mashahidi wawili, mfuniko ulikuwa mpya. Mweusi, una kitundu chake na kofia yake. Nikauliza wa zamani uko wapi. Katibu akasema, "Wa zamani upi?"

Nikashuka Bulyaga kwa fundi. Nilimkuta amelala chini ya pikipiki. Nikachuchumaa.

"Umewawekea mfuniko mpya."

"Waliniletea, nikaweka."

"Na ule wa gundi?"

Hakutoka chini ya pikipiki. Alisema, "Tata, mimi nina watoto. Kikundi ndicho kinanipa kazi."

"Uliuliza siku ile. Ulimwambia mwenyekiti, 'Hiki hakikuwekwa kwa kazi?' Mimi nilikusikia."

"Na wewe uliyesikia ulifanya nini? Ulishika mfuniko." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Ukinitaja mkutanoni nitakana. Nakuambia mapema ili usiseme nimekugeuka."

Alikana. Kwenye daftari la kikundi, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, imeandikwa kwamba ajali ilitokana na dereva kutozingatia mwendo. Mwendo gani? Bata wa mjane walikuwa wanatupita. Lakini ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo barua ilivyokwenda kwa wafadhili, kwa sababu wakisikia chombo chao kilizibwa kwa amri ya mwenyekiti hawataleta kingine.

Na sasa nielezeni jambo hili. Trekta limepewa dereva mwingine. Kwa mfuniko mpya linapanda mlima wote bila kuzima, linapita kwenye kona, linapita kwa mjane, halina mtu wa gogo. Wanachama wanasimama ukingoni wanatazama. Wanasema, "Mnaona? Trekta halikuwa na tatizo. Alikuwa ni dereva." Uzima wake ndio ushahidi dhidi yangu. Wamelitengeneza, na kwa kulitengeneza wamenihukumu.

Maneno hayo yalishuka mpaka ng'ambo ya mto, kwa wakwe zangu. Mama mkwe alikuja na kaka zake wawili. Hakuketi. Alisema, "Nimesikia ulikuwa unakimbiza." Nikaanza kumweleza habari ya kitundu, hewa, chupa ya maji. Nilijisikia nikiongea, nikaona nilivyofanana na mtu anayetunga. Mkwe alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akasema, "Mwanangu amekufa kwa mfuniko?" Akamchukua binti yetu wa mwisho, wa darasa la tano, kwa mkono. Nguo zake zilikuwa zimeshafungwa kwenye kitenge cha mama yake. Mtoto hakulia. Aliniangalia kama wachumaji wanavyoniangalia siku hizi.

Nimekwenda mara nne kuwaamkia. Nabisha hodi, nasema ugonile, najibiwa na aliye karibu na mlango, na mlango wenyewe haufunguki. Mara ya nne nilimsikia binti yangu ndani akisoma kitabu cha shule kwa sauti, akasita, halafu akaendelea kwa sauti ya chini. Sijui kama alikatazwa au alikataa mwenyewe. Kati ya hayo mawili sijui ninaloliogopa zaidi.

Sitaki kitu kwa kikundi. Majani yangu sasa nabeba kichwani. Sitaki trekta, sitaki rambirambi, na marehemu hawezi kurudishwa na mkutano. Sina matumaini makubwa na watu hawa, na wanaonisoma wasiwe nayo. Ila kuna jambo moja wanaweza kulifanya, nao wanalijua, na kila Jumapili wanakaa kanisani benchi la mbele bila kulifanya.

Mwenyekiti, uliyesema kizibwe. Fundi, uliyeziba huku ukijua. Katibu, uliyejaza tenki kisha ukaandika mwendo. Nami niliyeshika mfuniko nikacheka nitakuwa wa nne, nitatangulia mbele. Njia ya kwenda ng'ambo ya mto mnaijua, ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Kuna mama mzee pale aliyeuliza kama mwanawe alikufa kwa mfuniko, na mpaka leo hakuna aliyemjibu isipokuwa mimi, ambaye haniamini. Mtoto wangu yuko nyuma ya mlango ule. Jumapili hii, baada ya ibada, ni nani kati yenu atakayesimama mbele ya yule mama na kumjibu?